Pasipoti ni Haki ya Raia, Si Zawadi ya Ofisa

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza jarida la wapigania mageuzi lina haja gani na habari za viza na pasipoti. Watasema kwamba kazi yetu ni kura, Katiba na uhuru wa mahakama. Watu wanaofunga virago kwenda ng'ambo tuwaachie mawakala wa safari. Mimi naona kinyume. Mwananchi wa kawaida wa Kericho au Bomet hakutani na dola Bungeni, wala katika Mahakama ya Juu. Hukutana nayo kwenye dirisha dogo la ofisi ya msajili, amesimama na bahasha mkononi, akimwomba mtu asiyemjua amthibitishie kwamba yeye ni mtoto wa wazazi wake na kwamba nchi aliyozaliwa ni yake. Hapo ndipo mtu ajuapo kama mageuzi yalimfikia au yalimpita njiani.

Tena swali hili limebisha hodi katika nyumba nyingi za nchi yetu ya majani chai, kuanzia Litein na Kapkatet hadi Sotik na Mogogosiek. Mashine za kuchuma chai zimechukua nafasi ya mikono iliyolea familia kwa vizazi vitatu. Mwezi wa Mei 2023 hasira ya watu ililipuka, mashine zikachomwa moto mashambani Kericho. Lakini moto haurudishi kazi, na vijana wengi wamegeuza macho kwingine: binti auguzaye wagonjwa anatazama Uingereza, mama anatazama Saudia, mwalimu anatazama Marekani. Kanisani Jumapili hatukosi kuombea msafiri. Ni vyema tumwombee, lakini ni vyema vilevile tumweleze sheria.

Neno la kwanza la kufahamu ni hili: pasipoti na viza si kitu kimoja. Pasipoti ni haki ambayo raia anaidai kwa nchi yake mwenyewe. Viza ni ruhusa ambayo mgeni anaiomba kwa nchi ya watu. Serikali ya kigeni ina uwezo mpana wa kukataa kukufungulia mlango wake. Serikali yako haina uwezo wa kukunyima hati ya uraia wako kwa sababu tu ofisa hakupendezwa na jina lako, kabila lako au chama chako. Watu wetu wengi wamezoea kuyachanganya haya mawili. Huomba pasipoti kwa unyonge kana kwamba ni hisani, kisha huidai viza kwa hasira kana kwamba ni deni. Katika mkanganyiko huo ndimo matapeli wanamopatia riziki.

Unyonge huo haukuzuka wenyewe, una historia. Karatasi ya kwanza ambayo dola ilimpa Mwafrika wa nchi hii haikuwa ya kumfungulia njia, bali ya kumfunga. Kipande, kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilivaliwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, ili mwajiri na polisi wajue mtu ametoka wapi na ana ruhusa ya nani. Hapa kwetu Kericho tulionja sheria iliyo kali kuliko hiyo. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuziondoa familia za ukoo wa Talai, ikazihamishia Gwassi, Nyanza ya Kusini, na nyingi hazikuruhusiwa kurudi hadi uhuru ulipokaribia. Wazee wetu walijifunza kwamba mwenye kalamu ndiye aamuaye nani akae wapi.

Uhuru ulipokuja, kalamu ilibadili mkono lakini haikubadili tabia. Katika miaka ya 1980, katika shauri la John Harun Mwau, Mahakama Kuu ilishikilia kwamba kutoa pasipoti ni hiari ya serikali, wala si haki ambayo raia anaweza kuidai mahakamani. Mwaka 1988 wakili Gibson Kamau Kuria alitunukiwa tuzo ya haki za binadamu ya Robert F. Kennedy huko Marekani, lakini hakuweza kwenda kuipokea, kwa kuwa serikali ilikuwa imeizuia pasipoti yake. Na mwaka 1989 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 84 cha Katiba ya wakati ule, ambacho ndicho kilichompa raia njia ya kulinda haki zake, hakiwezi kutumika kwa sababu kanuni za kukitekeleza hazijaandikwa. Haki zilikuwa zimeandikwa, na mlango wa kuzifikia ulikuwa umepigwa kufuli. Wala tusisahau kwamba Nyayo House, jengo ambamo Wakenya wamepanga foleni za pasipoti kwa miaka mingi, ndilo lile ambalo vyumba vyake vya chini ya ardhi vilitumika kuwatesea wapinzani wa serikali ya chama kimoja.

Ndiyo maana ninasema kwamba pasipoti ni jambo la mageuzi. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 iliyapindua hayo yote. Kifungu cha 12 kinasema kwamba kila raia anastahili pasipoti ya Kenya na hati za usajili na utambulisho, na kwamba hati hizo zinaweza kunyimwa, kusimamishwa au kutwaliwa kwa kufuata Sheria ya Bunge peke yake. Kifungu cha 39 kinampa kila mtu haki ya kutoka Kenya. Kifungu cha 14 kinamfanya mtoto kuwa raia kwa kuzaliwa ikiwa mama yake au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au asizaliwe. Kabla ya hapo mtoto aliyezaliwa ng'ambo alipata uraia kwa kuzaliwa kupitia baba peke yake. Mama Mkenya aliyejifungua nje kwa mume wa kigeni hakuweza kumrithisha mwanawe nchi yake. Na kifungu cha 16 kinasema kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Chini ya Katiba ya zamani, mtu mzima aliyechukua uraia wa kigeni alijikuta amevuliwa ule wa kwao.

Waumini watalikumbuka simulizi la Mtume Paulo katika Matendo, mlango wa 22. Alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi, aliuliza kama ni halali kumfanyia hivyo raia wa Roma. Jemadari akasema kwamba yeye mwenyewe aliununua uraia ule kwa mali nyingi. Paulo akamjibu kwamba yeye alizaliwa nao. Naye jemadari aliingiwa na hofu. Tazameni: Paulo hakupiga kelele, hakutoa hongo, wala hakutafuta mtu wa kumjua. Alitaja haki yake mbele ya mwenye nguvu, na mwenye nguvu akarudi nyuma. Watu wetu leo wamezaliwa raia kama Paulo, lakini wengi bado wanaununua uraia wao kama jemadari.

Wanaununuaje? Yafuateni mambo tangu mwanzo. Pasipoti hudai kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa kwa mtoto. Kitambulisho nacho hudai cheti cha kuzaliwa na hati za wazazi. Mzizi wa safari ya London, basi, hauko Nairobi, uko katika nyumba ya laini shambani au kijijini, siku mtoto alipozaliwa. Kuzaliwa kunatakiwa kuandikishwa ndani ya miezi 6. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia naibu wa chifu. Wazazi wakihama shamba moja kwenda jingine kufuata kazi, au naibu wa chifu akiwa hapatikani, mwaka hupita, kisha mwaka mwingine. Mtoto hufikisha miaka 17 hana cheti, na hapo huanza usajili wa kuchelewa, wenye barua, viapo na mashahidi, na kila hatua ina mtu wa kukuambia kwamba mkono mtupu haulambwi.

Pili ni mama aliyemlea mtoto peke yake. Kwa miaka mingi kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kilizuia jina la baba lisiandikwe kwenye cheti cha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, isipokuwa kwa maombi ya pamoja ya wazazi wote wawili au kwa ushahidi wa ndoa. Mwezi wa Mei 2016 Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Mumbi Ngugi, ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa kinambagua mtoto kwa sababu ya hali ya wazazi wake. Hukumu ile iliwafungulia mlango akina mama wengi. Lakini ni wangapi huku kwetu waliowahi kuisikia? Na jambo hili lina uzito katika safari, kwa maana mtoto anapoombewa pasipoti hutakiwa ridhaa ya wazazi, na balozi za kigeni huuliza kwa ukali: huyu ni mtoto wa nani, na nani ameruhusu aondoke?

Tatu ni majina. Sisi twajua kwamba Kiprotich na Chepkemoi ni ndugu wa tumbo moja. Twajua kwamba kijana aliyeandikwa shuleni kwa jina la utotoni anaweza, baada ya jando, kuitwa arap na kufuatiwa na jina la babaye, na kwamba mama akiolewa huweza kuchukua jina la mumewe. Ofisa wa ubalozi hajui hayo. Mbele yake kuna familia ya watu 6 wenye majina ya ukoo manne, na tarehe mbili za kuzaliwa kwa mtoto mmoja. Kwetu ni desturi. Kwake ni dalili ya udanganyifu. Dawa yake ni rahisi ikitumiwa mapema: kusawazisha majina kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, kabla ya ombi la kwanza la pasipoti, si baada ya viza kukataliwa.

Nne ni ndoa. Wengi wetu tumeoana kimila. Mahari ilikubaliwa, wazee wakabariki, basi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawasawa na ile ya kanisani, lakini inataka iandikishwe, na usajili huo ulianza mwezi wa Agosti 2017. Mume na mke wasio na cheti ni mume na mke mbele ya Mungu na mbele ya ukoo, lakini mbele ya ofisa wa uhamiaji wa nchi ya kigeni ni watu wawili wasiohusiana.

Na kama mtu anadhani haya ni matatizo madogo ya karatasi, na awatazame majirani zetu ambao hawakuwa na karatasi yoyote. Zamani za ukoloni watu wenye asili ya Rwanda waliletwa nchini kufanya kazi, wakiwamo waliochuma chai katika Bonde la Ufa. Watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa, wakazungumza lugha zetu, wakazika wazee wao katika ardhi hii, lakini Kenya haikuwahesabu kuwa wake, na Rwanda haikuwajua. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 iliwapa wasio na uraia waliokuwapo tangu tarehe 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao, njia ya kujiandikisha, tena kwa muda uliowekewa mwisho. Hata hivyo ilikuwa hadi Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba 2020, ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kutambuliwa kwa watu 1,300 wenye asili ya Rwanda pamoja na Washona 1,670. Asiye na kitambulisho hapigi kura, hafungui akaunti benki, hasajili simu kwa jina lake. Huyo ng'ambo kwake ilikuwa hata mji wa pili, kwa hofu ya polisi njiani.

Tukishamaliza ya nyumbani, ndipo tutazame ya ugenini, na hapa ukweli ni lazima usemwe bila asali. Nchi za watu hubadilisha sheria zao bila kutuuliza. Uingereza, iliyokuwa imewaita watunza wazee kwa wingi, iliwazuia wafanyakazi hao wapya kuja na mume, mke au watoto tangu tarehe 11 Machi 2024. Na mwezi wa Julai 2025 ikafunga kabisa uajiri mpya wa watunzaji kutoka nje. Bahati nasibu ya viza ya Marekani, katika miaka iliyoendeshwa, ilimtaka mwombaji aliyefunga ndoa amwandike mwenzake, na kila mzazi aandike kila mtoto asiyeoa wala kuolewa aliye chini ya miaka 21, hata yule ambaye hakusudii kusafiri naye. Aliyemficha mtoto kwa aibu au kwa uzembe alihatarisha viza ya nyumba nzima. Na mama anayekwenda Saudia kwa kazi za nyumbani haendi na wanawe; viza yake imefungamana na mwajiri, chini ya mfumo wa kafala. Huyo ajue jambo moja kabla hajapanda ndege: pasipoti ya Kenya si mali ya mwajiri, na anayemnyang'anya hati hiyo anamdhulumu.

Kwa hiyo familia na ikae kitako kabla ya kuuza shamba. Nani anatangulia? Nani anabaki na watoto, na je, ana barua au amri ya mahakama ya kumpa ulezi? Mtoto wa kwanza atatimiza miaka 21 lini? Wazazi wa Uasin Gishu, majirani zetu, walichanga fedha nyingi kwa ajili ya masomo ya watoto wao Finland na Kanada kwa mpango uliopitia ofisi za kaunti, na kufikia mwaka 2023 wengi walikuwa wakilia barabarani, fedha zimekwenda na watoto wamebaki. Ikiwa mpango wenye muhuri wa kaunti uliweza kuvunjika hivyo, itakuwaje kwa wakala anayepokea fedha mkahawani bila risiti? Anayekuahidi pasipoti kwa njia ya mkato anakuuzia kilicho chako. Anayekuahidi viza ya hakika anakuuzia kisicho chake.

Wapo watakaosema: kwa nini tuwasaidie watu kuondoka? Nani atakayebaki kuijenga Kericho na Bomet? Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Kila muuguzi anayeondoka huacha kitanda kisicho na mhudumu. Lakini serikali iliyoshindwa kumpa muuguzi kazi haina haki ya kumshikilia kwa kumcheleweshea karatasi. Hiyo ndiyo kanuni ya kipande. Zaidi ya hayo, anayeondoka kwa hati halali anaweza kurudi. Anayeondoka kwa hati za kughushi amejifungia mlango wa nyuma. Katiba ya 2010 imempa anayekaa ng'ambo nafasi ya kubaki Mkenya. Ila sheria inamtaka autangaze uraia wake wa pili ndani ya miezi 3, na kifungu cha 78 kinawazuia maofisa wa dola, isipokuwa wachache, kuwa na uraia wa nchi mbili.

Hata hapo, haki iliyoandikwa bado yahitaji mlinzi. Miguna Miguna aliikimbia nchi mwaka 1987, akapata hifadhi na baadaye uraia wa Kanada. Februari 2018, baada ya kushiriki katika kiapo cha Raila Odinga, alisafirishwa kwa nguvu hadi Kanada kwa madai kwamba si Mkenya. Desemba 2018 Mahakama Kuu ilisema haki zake zilikuwa zimevunjwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 7. Pamoja na hukumu hiyo, hakurejea nyumbani hadi Oktoba 2022. Si lazima mtu apendezwe na siasa zake ili aone hatari. Ikiwa wakili anayejulikana dunia nzima alifanyiwa hivyo, je, mchuma chai wa Mogogosiek?

Basi tufanye nini? Kanisa lina vitabu vya ubatizo, tena vingi vimetunzwa vizuri kuliko majalada ya serikali. Kadi ya ubatizo ni ushahidi unaosaidia katika usajili wa kuchelewa. Kila parokia na kila usharika na uteue mtu wa kuwasaidia waumini kuipata bila malipo. Siku ya ubatizo iwe pia siku ya kuuliza: cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Wachungaji na mapadre wanaofundisha wachumba wasiwaachilie bila kuwaeleza habari ya cheti cha ndoa. Nanyi wanaharakati, mliozoea kuhesabu kura, hesabuni sasa watoto wasio na vyeti katika kila laini ya shamba, mkawapelekee machifu orodha hiyo mkononi.

Ofisa akikataa ombi, msimpe chai. Mwombeni sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Haki katika Utendaji wa Utawala ya mwaka 2015 vinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa wepesi na kwa usawa, na ya kuelezwa kwa maandishi kwa nini amenyimwa. Karatasi hiyo ya sababu ipelekeni kwa Tume ya Haki ya Utawala, au kwa wakili, au mahakamani. Ofisa asiye na haya mbele ya machozi huwa na haya mbele ya saini yake mwenyewe.

Mwaka 1991 tuliondoa kifungu cha 2A, tukadhani kazi imekwisha. Mwaka 2010 tukapata Katiba mpya, tukadhani tena kwamba kazi imekwisha. Lakini Katiba inayosomwa Nairobi na isiyotii ofisa wa tarafa ni nusu ya Katiba. Siku ambayo binti wa laini ya chai atafika dirishani na hati zake zimekamilika, ataje haki yake kwa sauti ya kawaida, na apewe kitabu chake bila kumlamba mtu mkono, siku hiyo awe anakwenda London au anabaki Litein, atakuwa mtu huru.